Kitambaa cha Mama Juu ya Skopu

Kazi yangu ni kutafuta makosa, na naifanya vizuri. Nalisema hilo bila aibu kwa sababu miaka mingi nililisema huku najikunjakunja, nikitazama chini, na haikunisaidia kitu. Kuna kampuni moja ndogo, mbali sana na hapa, kwenye nchi za baridi, inayotengeneza oskiloskopu za kuchomeka kwenye kompyuta. Oskiloskopu, ambayo sisi mafundi tunaiita skopu, ni kifaa cha kukuonyesha umeme kwa macho. Unagusisha waya zake mahali, na kwenye kioo unaona mstari ukipanda na kushuka kama umeme wenyewe unavyopanda na kushuka. Zamani skopu ilikuwa dude zito lenye kioo chake. Siku hizi ni kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, na kioo ni cha kompyuta yako. Kwa hiyo nusu ya kifaa ni programu, na programu hiyo, kabla haijawafikia mafundi wa nchi nyingine, hupita kwanza mezani kwangu, Mikumi, katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama barabara ya malori.

Nyumbani hawakuielewa kazi hii haraka. Nilipomwambia kaka yangu kwamba nimepata kazi na watu wa Ulaya, aliniuliza, "Ulaya hii ya njia ya Kilosa?" Maana Ulaya kwetu ni kijiji, ukitoka Mikumi kwenda Kilosa unakipita. Mama naye, anayeishi Kilosa mjini katika nyumba aliyoachiwa na babu yetu aliyekuwa mfanyakazi wa reli, aliwaeleza majirani kwa kifupi, "Anakosoa watu. Alikuwa hivyo tangu mdogo, sasa wamempa na kompyuta."

Wacheke. Ninayo orodha ya majaribio, na kila toleo jipya la programu likija napita nalo orodha nzima, moja baada ya jingine. Nachomoa waya kazi ikiwa katikati. Nafunga kompyuta ghafla ikiwa inarekodi. Nakilisha kile kisanduku umeme mdogo hata mende hausikii, kisha naupandisha hadi kianze kulalamika. Mwisho naandika neno moja: imepita, au haijapita. Nikiandika haijapita, toleo halitoki. Wahandisi wenye digrii zao wanakaa kitako kumngoja fundi wa Mikumi, na mimi siku kama hiyo nakunywa chai yangu polepole.

Kaka yangu ni mkulima wa mahindi, nje kidogo ya mji, upande unaopakana na hifadhi. Huko mahindi yakishakomaa tembo wanajua kabla ya mwenye shamba. Wakulima wa upande ule waliunda kikundi, wakajenga uzio wa umeme unaotumia sola, na wakamchagua kaka awe mlinzi wake. Uzio wa namna ile haupitishi umeme muda wote. Unapiga, unanyamaza, unapiga tena, baada ya sekunde moja hivi. Kampuni iliponiomba nitafute mtu wa kuijaribu skopu nje, kwenye vumbi na joto, sikufikiri mara mbili. Nikaifunga pamoja na kompyuta yake kwenye kibanda cha mlinzi, cha bati, nikaweka kati yake na uzio kipande cha kupunguza nguvu ya umeme, nikamwambia kaka, "Ukiona miiba kwenye kioo, uzio uko hai. Usipoiona, tembea ukatafute palipokatika."

Na kweli, kila pigo la uzio lilichora mwiba mmoja kwenye kioo, kisha mwingine, kisha mwingine. Kaka aliipenda hiyo skopu kupita kiasi. Aliwaita wenzake waje kuitazama, akawaeleza kwa sauti ya mtu aliyeisomea. Kila jioni kabla ya kurudi nyumbani alikuwa anatupia jicho kioo, anaona miiba, anafunga mlango wa kibanda, anaondoka roho yake ikiwa imetulia.

Asubuhi moja ya Jumatatu akanipigia simu. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka." Hakuitikia. Alisema tu, "Njoo uone kioo chako."

Nilifika nikakuta watu wamejaa kwenye kibanda. Mahindi yalikuwa yamelala chini, mengine yameng'olewa na mizizi, na nyayo za tembo zimejaa kwenye udongo laini mpaka mbali. Waya unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye uzio ulikuwa umekatika. Wapo waliosema panya, wapo waliosema kisu. Ndani ya kibanda, mbele ya macho ya kila mtu, kioo kilikuwa kinachora miiba: mmoja, mwingine, mwingine, kwa raha zake.

Bibi mmoja, ambaye shamba lake ndilo lililoliwa zaidi, alikuwa amesimama nje ameshika waya wa uzio kwa mkono mtupu. Aliushika vizuri, kama anayeshika kamba ya kuanikia nguo. Akanitazama akasema, "Mwanangu, umeme wenu huu mbona hauumi?"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa kikundi akasema kaka alikata umeme wa uzio ili achaji simu za watu kwa betri ya sola, na hiyo miiba kwenye kompyuta ni video aliyoiweka. Kaka akaapa. Akasema jioni aliangalia, miiba ilikuwepo, uzio ulikuwa hai. Mwenyekiti wa kikundi, mtu mwenye busara ambaye hapendi kelele, akanyoosha kidole kuelekea kioo, kisha akakinyoosha kuelekea mkono wa bibi. "Jumamosi tutakutana hapa saa sita mchana," akasema. "Kama hakuna maelezo, tutachagua mlinzi mwingine."

Kwa mtu asiyetoka kwetu inaweza kuonekana ni jambo dogo, kuondolewa kwenye ulinzi wa uzio. Si dogo. Mtu aliyeaminiwa mazao ya wenzake akiondolewa kwa uongo, watoto wake wataitwa watoto wa yule mwongo mpaka nao wazae. Kaka alilijua hilo, mimi nililijua, na tulikuwa tunatazama vitu viwili tofauti, yeye anatazama udongo na mimi natazama kioo.

Nikaingia kuchukua skopu. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye waridi jekundu katikati, kazi ya mama. Nikakikunja, nikakitupia kwenye mkoba. Kisanduku kilikuwa cha baridi mkononi. Nikakizima, nikakiwasha upya, na mstari ukalala chali kwenye kioo, bila mwiba hata mmoja. Sasa ndiyo kilikuwa kinasema kweli, wakati watu walikuwa wameshaanza kuondoka.

Siku mbili nilikaa na kile kisanduku mezani kwangu. Nilikipitisha orodha nzima, tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha kinyumenyume. Hakikukosea hata mara moja. Nilimwandikia mkuu wangu wa kazi, mama mmoja mpole huko waliko, anayeandika barua fupi. Akajibu kwamba ananiamini, lakini wahandisi hawawezi kurekebisha kosa wasiloliona, na toleo jipya litatoka Ijumaa jioni kama sitaleta njia ya kulirudia.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba lile toleo lililokuwa kwenye kibanda nililipitisha mimi. Mkono wangu ndio ulioandika imepita. Kaka hakuamini kioo, aliniamini mimi. Nilikuwa nikiamka asubuhi, jambo la kwanza kunijia ni lile neno moja, na nilijichukia.

Alhamisi mama akanipigia. Habari za kaka zilikuwa zimeshafika Kilosa zikiwa zimeongezwa chumvi. "Njoo unieleze kwa mdomo wako," akasema. Nikafungasha skopu, kompyuta na kifaa changu kidogo cha kutoa mapigo ya umeme ya kujaribia, kama yale ya uzio, nikapanda gari.

Sebule ya mama ni lazima niieleze. Kila kitu kimevaa. Viti vimevaa vitambaa mgongoni na mikononi, redio imevaa, friji imevaa kofia, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni ili upepo usikipeperushe. Rimoti ya televisheni ina mfuko wake wa kufuma. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaogopa kukaa kimya sana tusije tukafunikwa. Kwa mama, na kwa wanawake wote wa mtaa ule, kitu cha thamani hakiachwi uchi.

Nilipanga vifaa juu ya meza ya kulia chakula, nikawasha, miiba ikaanza. Tulikwenda kula uani, ugali na bamia, na mama akawa ananihoji. Nilimweleza yote, hata lile la neno langu. Alimaliza tonge lake. Kisha akasema, "Babu yako alikuwa anatembea kwenye reli na nyundo, anagonga vyuma anasikiliza. Siku moja alipitisha chuma kilichopasuka. Akarudi kwa miguu peke yake, mchana wa jua, mpaka akakipata kabla treni haijapita. Kula ukatafute."

Nikanawa, nikarudi sebuleni. Jua la Kilosa saa nane mchana lilikuwa limekaa juu ya bati na chumba kimekuwa cha moto. Nikataka kufungasha, nikazima kile kifaa cha kutoa mapigo.

Miiba iliendelea.

Nilichomoa kabisa waya za kile kifaa. Miiba iliendelea. Mmoja, mwingine, mwingine. Nikageuka kutazama kisanduku, na sikukiona. Mahali pake palikuwa na kitambaa cha rangi ya maziwa, kizito, cha maua matatu, kimewekwa kwa unadhifu, ncha zake zimenyooshwa. Sikumbuki mama alikiweka saa ngapi. Nadhani hata yeye hakumbuki, alipita tu na mkono ukafanya. Nikapenyeza vidole chini yake, nikavitoa haraka. Kisanduku kilikuwa kinaunguza.

Nilipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Mama akaja mbio kutoka uani, mikono ina majivu ya kuoshea sufuria.

"Nimeharibu nini?" akauliza.

"Mama, hujaharibu. Umenipatia kosa lenyewe."

Tukarudia wote wawili. Yeye alishika saa, mimi nilishika orodha. Tukakipoza kisanduku kwenye kivuli, tukakiwasha, tukakifunika, tukangoja. Kikishapata moto kiasi fulani, kilikuwa kinasimama kupima ili kisiungue, na kikishasimama hakianzi tena mpaka ukizime na kukiwasha. Hapo hakikukosea, hata mtu hupumzika. Lakini programu kwenye kompyuta haikusema kwamba kipimo kimesimama. Ilichukua miiba ya mwisho iliyopokea, ikawa inaichora upya, na upya, kwa jinsi ile ile. Orodha yangu ilikuwa na jaribio la kuchomoa waya wa kompyuta, na programu ililifaulu vizuri sana. Haikuwa na jaribio la kisanduku kunyamaza huku waya umechomekwa. Nilitoa kwenye mkoba kile kitambaa cha waridi jekundu, nikakiweka mezani pembeni ya kile cha maua matatu. Jumatatu nilikishika kwa mkono wangu nikakitupia mkobani bila kukifikiria. Yule kijana alisema kaka aliweka video, na kwa namna fulani alikuwa sahihi. Ila hakuiweka kaka, iliwekwa na programu niliyoipitisha mimi.

Niliandika taarifa pale pale mezani. Hatua ya kwanza, washa. Hatua ya pili, weka mapigo. Hatua ya tatu, funika kwa kitambaa cha kufuma cha nyuzi nene, mchana, chini ya paa la bati. Nikaandika mpaka hatua ya mwisho, na chini yake nikaandika kwamba toleo hili nililipitisha mimi, na sasa naliondoa.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mhandisi mmoja ambaye ni wazi hajawahi kuingia sebule ya Kilosa. Alisema mwongozo wa kifaa unakataza kukifunika, kwa hiyo hilo ni kosa la mtumiaji, si la programu.

Hasira zilinipanda nikaandika kwa vidole viwili mpaka meza ikatikisika. Nilimwambia kwamba kwetu kitu kinachopendwa hufunikwa, na kikipendwa zaidi hufunikwa vizuri zaidi, na kama wanataka kisifunikwe watengeneze kibaya ambacho mama yangu hatakitazama mara mbili. Nikamwambia aondoe kitambaa kama kinamsumbua, abaki na bati peke yake na jua la kwetu la mchana, afike pale pale. Nikamalizia kwamba sikatai kisanduku kuchoka. Nakataa kioo kuendelea kusema kwa niaba ya kisanduku kilichonyamaza, kwa sababu kuna mtu amesimama mbele ya wenzake na hicho kioo ndicho shahidi wake.

Baada ya saa moja mkuu wangu akajibu kwa maneno mawili: Toleo limesimama. Nilimsomea mama. Akauliza kama hao watu wote wamesimama kwa sababu yetu sisi wawili, nikamwambia ndiyo. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye sufuria zake, lakini niliona anatabasamu.

Jumamosi niliondoka na mama. Nilimsihi abaki, kwa sababu sikutaka jina la kitambaa chake litajwe mbele ya watu waliopoteza mahindi. Hakunisikiliza. Alivaa khanga mpya, akakibeba kile kitambaa cha waridi jekundu kifuani tangu Kilosa mpaka Mikumi.

Kikundi kizima kilikuwepo, na yule bibi amekaa mbele. Nikamwamkia kaka, "Shikamoo kaka." Akatazama pembeni. Tangu Jumatatu salamu yangu ilikuwa haijapokelewa, na wote pale waliona.

Nikapanga vifaa juu ya meza nje ya kibanda, juani. Nikamwomba mwenyekiti mwenyewe awashe, na yule kijana wa maneno ya video asimame pembeni ya kioo asitoke. Miiba ikaanza. Mama akainuka bila kuitwa, akakitandika kitambaa juu ya kisanduku, akanyoosha ncha zake. "Kitambaa ni changu," akasema kwa sauti. "Nilimpa mwanangu ili vumbi lisiingie. Mwenye neno na kitambaa anitafute mimi."

Tukangoja. Watu walipiga soga, wengine wakasogea kwenye kivuli cha ukuta wa kibanda. Nusu saa ni ndefu ukiwa na kaka yako mbele yako hataki kukutazama. Mwishowe nikamwambia yule kijana azime kile kifaa cha kutoa mapigo na achomoe waya zake zote kwa mkono wake.

Akachomoa. Akatazama kioo. Akatazama waya mkononi mwake, kisha kioo tena. "Bado inapiga," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapo ndipo nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi ya kitaalamu, yote yakayeyuka. Nikasema, "Kaka yangu alisoma kilichoandikwa. Kilichoandikwa kilikuwa uongo. Aliyekikagua na kukipitisha ni mimi, si yeye wala mama." Nikakaa.

Yule bibi akauliza, "Kwa hiyo jioni ile aliangalia kweli?"

"Ndiyo, bibi. Aliangalia. Na mimi ndiye niliyemwambia akiamini."

Bibi akageuka kuwatazama wenzake. "Basi mlinzi hana kosa," akasema. "Mwenye kosa ameshakaa chini." Watu wakacheka, na mwenyekiti akauliza kama kuna mtu anayetaka mlinzi mwingine. Hakuna mkono ulionyooshwa. Yule kijana akaenda kumpa kaka mkono, akamwomba radhi mbele ya wote.

Watu walipoanza kutawanyika kaka alikuja pale nilipokuwa nakunja waya. Akashika ncha moja ya waya, akanisaidia kuukunja. Kisha akasema, "Marahaba." Neno hilo moja tu, lile nililokuwa nalingoja tangu Jumatatu. Nililia, na sikujificha.

Programu ilirekebishwa. Sasa kisanduku kikinyamaza, kioo chote kinageuka kijivu na maneno yanatokea katikati. Waliniachia mimi nichague maneno ya Kiswahili, nikaandika: Sipati kipimo. Mama alifuma kitambaa kingine, kizito kuliko vyote, tukakituma kwa posta. Mkuu wangu aliniambia kila kifaa kipya kinachotengenezwa kule hufunikwa nacho kwanza, na kwenye orodha yao jaribio hilo limeandikwa kwa neno letu, kitambaa. Mama anauliza kila mara kama wanakifua.

Msimu uliofuata, alasiri moja mahindi yakiwa yamebeba, kaka alinipigia. Kioo kilikuwa kimegeuka kijivu. Nikamuuliza amefanya nini.

"Nimetembea uzio wote kwa miguu nimeukagua," akasema. "Upande wa korongo tawi lilikuwa limeuangukia, nimeliondoa. Na wenzangu nimewapigia simu nikawaambia uzio ulikuwa umekufa, waje na mapanga tusafishe."

"Wakasemaje?"

"Hakuna aliyeuliza kama ni kweli," akasema. "Wako njiani wanakuja."